Nilitaka Ile Inayoyeyuka

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya moyo, kwanza vua viatu. Hakuna atakayekushangaa. Miguu yetu sisi wagonjwa wa moyo huvimba kwa kukaa, na utakaa. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na viatu vyangu vya kanisani, nikidhani nitaitwa mara moja kama mtu aliyekwenda dukani kununua sukari. Jioni ilibidi mke wangu anivue kwa kuvivuta, watu wote wakitazama.

Nimesema mke wangu, na wasomaji wa mbali wataguna, kwa hiyo nilimalize hilo mapema. Naitwa Bhoke. Ni mwanamke, mjane, mama wa mabinti ambao wote wameolewa. Kwetu Wakurya mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili msichana huyo aizalie nyumba yake watoto. Tunaita nyumba ntobhu. Hakuna mambo ya chumbani kati ya hao wawili, anayewaza hayo aache. Rhobi nilimtolea ng'ombe akiwa binti wa Gorong'a, akaja kwangu Nyamongo, akaniletea wajukuu wawili, na mimi nikawa kichwa cha nyumba. Ukoo ukikaa, ninayeulizwa ni mimi na ninayejibu ni mimi.

Ugonjwa wangu wote ulizunguka hapo. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kubaki hai huku mtu mwingine akiisemea nyumba yangu. Shemeji yangu Marwa, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amelikodolea macho shamba letu tangu rashi ya dhahabu, ule mmiminiko wa wachimbaji, ilipofika upande wetu na watu wakaanza kuchimba maduara, mashimo ya dhahabu, hadi nyuma ya vyoo vyao. Shamba ambalo zamani hakutaka hata kulilimia, sasa alikuwa akipita kulisalimia kila wiki. Siku ambayo ningeonekana siwezi tena, angekuwa mlangoni kabla chai haijachemka.

Tulikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na mwalo mdogo wa kuoshea mchanga wake. Masika moja, nikiwa napanda kutoka mwaloni na ndoo, kifua kilibana, mkono wa kushoto ukawa mzito, taya likauma kama jino bovu. Nikakaa, ikaisha. Kesho yake ikarudi. Duka la dawa wakaniambia ni vidonda vya tumbo, na kusema kweli nilifurahi, maana Nyamongo nzima ina vidonda vya tumbo na sijasikia mtu akinyang'anywa nyumba kwa sababu hiyo. Nikanywa dawa za tumbo masika yote. Wewe usinifuate. Kifua kinachobana ukipanda kilima na kuachia ukikaa, kipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani nikaanguka kando ya karasha. Rhobi alinipandisha bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma, amenifunga kwake kwa khanga kama mtoto. Nilikuwa nikisikia moyo wake unavyokwenda mgongoni kwangu, wake ukiwa mzima. Tarime wakanipa rufaa ya Mwanza, Mwanza wakanipa rufaa ya Dar es Salaam. Mtu wa rufaa hana kauli. Anaambiwa panda, anapanda. Anaambiwa usile, hali. Anaambiwa vua, anavua, hata mbele ya kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, na kijana huyo anambandika nyaya kifuani huku anaongea na mwenzake habari za mpira.

Dar walipiga picha ya mishipa, kisha daktari akaja na kiti, akakaa. Alikuwa mwanamke mdogo, ananyenyekea. Ukiona daktari amevuta kiti, jishike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu."

"Mshipa mmoja mkubwa wa moyo umeziba karibu wote. Tutapitisha mrija mwembamba kutokea mkononi, tuupanue, halafu tutaacha stenti pale ili usizibe tena."

Akanionyesha stenti kwenye picha. Ni kijibomba cha waya uliosukwa kama wavu, kidogo kama springi ya kalamu.

"Mtaiacha mpaka lini?"

"Maisha, mama. Haitoki."

Nikamwambia nataka kufikiri. Yeye akasema mawazo ni mazuri, ila muda ndio sina. Nikamwambia hata hivyo.

Siku ile ile nikampigia dada yangu Ghati, aliyeolewa Migori, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ghati ana habari ya kila kitu duniani.

"Bhoke, wacha nikwambie, usikubali hiyo ya chuma. Hiyo ni mambo ya kitambo. Siku hizi kuna ile ya kuyeyuka. Jirani yangu hapa ana ndugu alienda India akawekewa. Inashikilia mshipa, baada ya miaka kadhaa inaisha yenyewe, unabaki msafi tu. Si ukuje Nairobi tutafute?"

Msafi. Neno hilo liliniingia. Mtu wa mwaloni anaelewa usafi kwa namna yake. Mchanga wenye dhahabu unachanganywa na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, halafu unachoma, zebaki inaondoka na kinachobaki kwenye kikaango ni chako. Nikajiona miaka michache mbele, nimekaa kwenye kikao cha ukoo, kifua changu hakina kitu cha mtu, na Marwa hana cha kusema. Wenye chuma mwilini watahesabiwa wagonjwa mpaka siku ya kaburi. Mimi nilitaka ugonjwa wenye mwisho.

Nikamwambia daktari nataka ile inayoyeyuka. Hakunicheka.

"Zipo mama, sikatai. Lakini hapa hatuna. Na zile za mwanzo, baada ya kuwekewa watu wengi, baadhi yao damu iliganda humo ndani kuliko kwa wale wa chuma, madaktari wengi wakaziacha. Sasa zinatengenezwa nyingine, zinachunguzwa. Na nazo zina vidonge vyake vile vile. Ungekuwa mama yangu nisingekuacha usubiri."

"Mama yako anaishi wapi?"

"Moshi."

"Basi hana shemeji kama wangu."

Nikasubiri. Nililazwa wodini, Ghati akawa anapiga simu zake Nairobi, na kila asubuhi aliniambia kesho. Mchana nilikuwa nateremshwa kliniki kwa vipimo, nakaa kwenye benchi na wengine. Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja wa Ikoma, askari wa wanyamapori mstaafu, amekuja kuangaliwa. Tulifurahi kusikia lafudhi ya nyumbani mpaka tukasahau tulipo. Nikamwuliza kama anaisikia stenti yake.

"Ninazo mbili," alisema. "Naamka, nachota maji, nagombana na mke wangu. Unataka nini zaidi?"

Nilicheka, lakini moyoni nilisema wewe ni mwanamume, shamba lako halina mtu wa kulisalimia.

Rhobi alikuwa hapendi habari ya kuyeyuka tangu alipoisikia. Alisubiri saa ya kuona wagonjwa, akanimenyea chungwa, akaanza.

"Mama, wewe umewahi kuona kitu kikiyeyuka kikapotea?"

"Zebaki. Tunaichoma kila siku."

"Inaondoka kwenda wapi? Si inaenda kwa yule aliyekaa upande wa moshi? Umesahau yule jirani anavyotetemeka mikono, hawezi kushika kikombe? Huo waya ukiyeyuka humo ndani, aliyekaa upande wa moshi ni wewe."

Baadaye daktari alinieleza kwamba si hivyo, kwamba mwili unaimeng'enya taratibu na hakuna moshi wowote. Sawa. Lakini pale kitandani mimi na Rhobi tulikuwa watu wa mwaloni wawili, tunatazama moto mmoja, yeye anaangalia kinachoondoka na mimi naangalia kinachobaki. Nikawa mkali. Nikamwambia anyamaze, aliyetoa ng'ombe ni mimi. Akaweka maganda ya chungwa kwenye mfuko, akanifuta mikono.

Yanayofuata nimesimuliwa, maana mimi sikuwepo, ingawa mwili wangu ulikuwepo. Tulikuwa kwenye korido ya kliniki. Nilisimama nikasema kitu ambacho hakuna aliyekielewa, nikaenda chini. Wakanikimbiza ndani. Daktari akatoka akamwuliza muuguzi ndugu wa mgonjwa ni nani, muuguzi akamgeukia Rhobi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mke wake."

"Dada, hapa si mahali pa utani."

Rhobi hakujua aseme nini kingine. Angeweza kusema ni binti yangu, ingekuwa rahisi, lakini anasema hakulifikiria, maana si kweli. Akarudia: mimi ni mke wake. Muuguzi akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa na huzuni. Ndipo mzee wa Ikoma akainuka kwenye benchi na fimbo yake.

"Sikiliza mwanangu. Kwetu Mara hiyo ipo. Huyo anasema kweli. Huyo ndiye mtu wake."

Wakampa simu ampigie mkubwa wa ukoo, ili asilaumiwe baadaye. Akampigia Marwa. Marwa akasema nisiguswe mpaka ukoo ukae, na kwamba yeye mwenyewe atapanda basi. Kutoka Tarime hadi Dar, kwa basi! Rhobi anasema alimsikia akimwambia mtu pembeni alete kiti akae.

Daktari alimwambia wazi wazi: ya chuma tunayo hapa, sasa hivi. Ile nyingine hatuna, na mama yako hana kesho. Rhobi alijua nilichokitaka kuliko mtu yeyote. Alikuwa amekaa pembeni yangu siku zote zile nikimpigia Ghati.

"Wekeni," akasema.

Nilipozinduka mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye kifundo, umevimba na kuwa mweusi kama uliobanwa na mawe. Kifua kilikuwa kimeachia. Niliona tofauti kabla sijafungua macho vizuri, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha. Rhobi alikuwa ameketi, macho mekundu.

"Ipi?" nikamwuliza.

"Ya chuma."

Nikageukia ukutani. Sikusema naye siku ile wala iliyofuata. Alinilisha uji nikameza bila kumtazama. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu na wewe unaweza kumchukia aliyekuokoa, ukadhani umepata wazimu. Huna wazimu. Umefanyiwa jambo kubwa ukiwa hupo, kwenye mwili wako mwenyewe, na hasira haina pengine pa kwenda isipokuwa kwa aliye karibu.

Daktari alipopita nikamwuliza, kama mjinga, kama inaweza kutolewa nitakapopata nafuu.

"Haitolewi mama. Nyama inaota juu yake taratibu. Baada ya miezi ukiangalia ndani huoni waya tena, unaona mshipa tu."

Alidhani ananifariji. Nililia mpaka wa kitanda cha jirani akaja kunishika bega, mwanamke wa Lindi ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua. Hakuuliza kitu. Alinisukia nywele zangu mbili tatu za mbele zilizokuwa zimenitimka, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba katika wodi dawa nyingine haziko kabatini.

Tulirudi nyumbani vuli imeanza. Wanakuambia utarudi kwenye shughuli zako polepole, hawakuambii polepole ni kiasi gani. Nilikuwa nikitoka kitandani mpaka mlangoni, napumzika. Mlangoni mpaka jikoni, napumzika. Vidonge vya kuzuia damu isigande vilifanya damu inivilie kila nilipogusa kitu, mapaja na mikono vikawa na mabaka kama niliyepigwa. Wanawake wa kanisani walimtazama Rhobi kwa jicho baya mpaka nikalazimika kueleza. Nyama ya mafuta ikapigwa marufuku, na katika nyumba ya Mkurya hilo ni msiba mdogo. Wajukuu walikula zao wakinipa mgongo, nadhani kwa heshima.

Vijana wa mwaloni walileta utani wao. Walitaka kunipitishia ditekta, kile kifaa cha kutafutia dhahabu ardhini, waone kama bibi atalia. Niliwaruhusu. Hakikulia. Wakasema basi si dhahabu, tungekuchimba. Nilicheka nikashika kifua kwa maumivu, na nilipokuwa nacheka niliona Rhobi anacheka pia, mbali, kwenye karasha. Nikamwita aniletee maji. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, hatukuwahi kufanya mengine.

Lakini kitu nilichokikimbia kilikuwa kinakuja kwa miguu yake. Kiangazi kilipoingia Marwa akaitisha kikao cha ukoo. Wazee walikaa uani kwangu, mimi nikawekewa kiti chenye mto, na mto ule peke yake ulikuwa hukumu. Marwa hakupiga kelele. Alisema kwa upole, akanitaja kwa heshima zote.

"Shemeji yetu ameteseka. Ana vyuma moyoni. Nyumba haiwezi kumtegemea mtu wa vyuma. Mimi naomba niisimamie, na huyu binti pamoja na watoto nitawatunza."

Mzee aliyeongoza akanigeukia. "Mama Bhoke, unasemaje?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miezi mingi. Nikasimama. Nikaanza na marehemu mume wangu, nikitaka nifike kwa ng'ombe niliowatoa na shamba nililolilima kabla mtu hajajua kuna dhahabu. Sikufika kwenye shamba. Pumzi ilikatika, masikio yakavuma, nikabaki nimefungua mdomo mbele ya ukoo mzima kama samaki. Machozi yakanitoka, mimi ambaye sikulia kwenye mazishi ya mume wangu. Nikakaa. Marwa akatazama chini, na nilijua anatazama chini ili asionekane anafurahi.

Ndipo Rhobi akaja mbele, unga wa mawe bado mikononi. Marwa yeye humwita tata, yaani baba.

"Wazee wangu, shikamooni. Mnauliza nani aisemee nyumba hii. Dar es Salaam nao waliniuliza hivyo. Nilimpigia tata Marwa, akasema ngojeni. Ningengoja, leo mngekuwa mnagawana. Sikungoja. Nilisema mimi, na mama yangu yupo hapa, amekaa. Kwa hiyo nitasema mimi mpaka mtoto wa nyumba hii akue. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu walitolewa na nyumba hii, si na tata Marwa."

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kukubali. Wazee wakainuka, wakaenda pembeni, wakarudi. Wakasema nyumba ibaki kama ilivyo, na Rhobi aisemee. Marwa aliondoka bila kula, na kwetu hilo si jambo dogo.

Shamba lilipona. Watoto walipona. Na mimi nilipoteza kile kile nilichokuwa nakilinda nilipokataa chuma, tena kikachukuliwa na mtu ambaye sina hata haki ya kumlalamikia. Wageni waliponipongeza niliitikia. Usiku huo sikula.

Sasa ni misimu kadhaa imepita. Kidonge kimoja nimeruhusiwa kuacha, kingine nitakinywa maisha. Napanda kutoka mwaloni bila ndoo, nasimama katikati mara moja. Ghati bado ananipigia akisikia habari za zile zinazoyeyuka, anasema zimeboreshwa, na huenda ni kweli. Ukifika mahali ambapo zipo na daktari wako anazikubali, uliza, sikuzuii. Lakini usilale wodini ukisubiri kitu ambacho hakipo, huku mshipa unaendelea kuziba.

Kila asubuhi, kabla hajawasha karasha, Rhobi anakuja mlangoni kwangu na kikombe cha maji na kidonge. Anasubiri nimeze. Halafu ananiuliza: auze mbuzi au asiuze, awape wale vijana mawe wasage kwanza au wangoje, apeleke mtoto shule ipi. Namjibu. Mara nyingi najua amekwisha kuamua, na mbuzi amefungwa kamba tayari, namwona kutoka hapa nilipokaa. Na yeye anajua kwamba nimemwona. Anauliza hata hivyo, amesimama, hakai mpaka nimejibu.